Somo: Kusoma alama za Frimasoni kwenye medali za George Washington

Tunatumia medali ya 1797 iliyoandikwa "G. WASHINGTON PRESIDENT".

Hatua ya 1: Soma maandishi kwanza, picha zisubiri.
Upande wa nyuma umezungushiwa Kilatini: AMOR, HONOR ET JUSTITIA, yaani upendo, heshima na haki. Kisha zipo herufi G.W.G.G.M. Hapo usipite haraka. Husomwa "George Washington, General Grand Master", mkuu wa Frimasoni wa Marekani yote. Cheo hicho hakushika kamwe! Loji ni tawi la Frimasoni, na Loji Kuu husimamia matawi ya jimbo. Loji Kuu ya Pennsylvania ilimpendekeza mwaka 1780, Loji Kuu nyingine hazikuafiki, likaishia hapo. Kwa hiyo medali inaweza kumvika mtu joho lisilo lake.

Hatua ya 2: Tambua vifaa.
Ni vya fundi mwashi: bikari, skwea (kipimo cha pembe mraba), pima maji, timazi, mwiko. Ndani ya loji, skwea ni nishani ya mkuu, pima maji ya msaidizi wa kwanza, timazi ya msaidizi wa pili. Bikari ikilala na skwea, chungulia ncha zake. Zote mbili zikiwa juu ya skwea, hiyo ni alama ya daraja la tatu la uanachama, ambalo Washington alilipata Agosti 1753.

Hatua ya 3: Usidanganywe na mwaka.
Ukiona 1752, ni mwaka alioingizwa loji ya Fredericksburg, Virginia. Alikuwa kijana wa miaka 20, nani angempigia medali? Imetengenezwa baadaye sana, kwa kumbukumbu.

MASWALI

Jicho kwenye noti ya dola nalo ni lao?
Hapana, ingawa vijiweni hamtaniamini. Jicho hilo limo kwenye muhuri wa Marekani, uliochapwa kwenye noti. Kwenye kamati ya kwanza ya muhuri huo, mwaka 1776, Frimasoni anayejulikana alikuwa Benjamin Franklin, na pendekezo lake halikuwa na jicho. Wachoraji wa Kikristo walilitumia zamani kumwonyesha Mungu.

Sasa medali inathibitisha uanachama?
Peke yake, haithibitishi. Kinachothibitisha ni daftari la loji.

Yangu ina tundu juu na imefubaa. Niisugue?
Usiiguse kwa dawa wala brashi, mkuu. Ukiisugua thamani inashuka. Tundu huwa la kupitishia utepe: kuna mtu aliivaa.