Jinsi ya kufuatilia fedha za fidia ya opioidi katika kaunti yako

Mwaka 2021 wasambazaji watatu wa dawa nchini Marekani, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na kampuni ya Johnson & Johnson, walikubali kulipa hadi dola bilioni 26 ili kumaliza kesi za dawa za maumivu za jamii ya opioidi, ambazo huleta uraibu. Wasambazaji wanalipa kwa miaka 18, kwa hiyo mkazi anayeanza kufuatilia leo hajachelewa.

Chukua mfano wa North Carolina, ambako asilimia 85 ya fedha hizo hupelekwa kwenye kaunti na miji. Kabla ya kutumia, makamishna wa kaunti hupitisha azimio linalotaja shughuli, kiasi na muda. Anza na azimio hilo: liombe kwa karani wa kaunti, kisha ulilinganishe na taarifa zilizo katika tovuti ya CORE-NC, inayoonyesha jinsi fedha hizi zinavyotumika katika jimbo hilo. Fedha hizi lazima zikae katika mfuko wake peke yake, na sharti hilo lina sababu, kwani sehemu kubwa ya fidia ambayo kampuni za tumbaku zilikubali kuyalipa majimbo mwaka 1998 iliishia kuziba mapengo ya bajeti zao.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Nenda mapema, miezi ya baridi, wakati idara zinaandaa makadirio, ukiwa na ombi moja lililoandikwa na linalotokana na orodha ya matumizi yanayoruhusiwa.

Mimi ningeanza na jela. Mtu mwenye uraibu aliyekaa humo wiki kadhaa bila opioidi, mwili wake hauhimili tena kipimo alichokizoea. Akitoka na kukirudia, hasa penye fentanili, opioidi yenye nguvu sana, pumzi inaweza kukatika. Uliza, basi, kama mahabusu wanapewa methadoni au buprenorfini, dawa za kutibu uraibu huo, wakiwa ndani, nani atawapokea kliniki siku ya kutoka, na kama wanakabidhiwa mlangoni naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha opioidi.

Penye familia zinazozungumza Kiswahili, kama Wakongo wa mji wa Greensboro, omba mafunzo ya naloksoni kwa lugha hiyo. Ni chupa ndogo ya kupuliza puani: mlaze mtu chali, ingiza ncha katika tundu moja, bonyeza hadi mwisho, piga simu 911; asipoanza kupumua vizuri baada ya dakika mbili au tatu, tumia chupa ya pili katika tundu lingine.