Vipele vya miguuni: jua chanzo kabla hujanunua mafuta

Wifi yangu alishuka kutoka Newala msimu wa korosho, miguu kama kuku aliyenyonyolewa, begini chupa nne za losheni. Nikamwambia hizo weka pembeni kwanza.

Hatua ya 1: Oga, jikaushe, jitazame juani. Taa ya saluni inadanganya.

Hatua ya 2: Papasa mapaja. Vipele vidogo, vikavu, visivyouma ni vinyweleo vilivyozibwa na keratini, ile protini ngumu ya ngozi. Haviambukizi, na mara nyingi hurithiwa, muulize mama. Paka krimu ya yurea ya asilimia 10 ngozi ikiwa bado na unyevu. Subiri wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Je, unanyoa? Hapa ndipo nilipoumia mimi. Wiki mbili nilisugua kwa dodoki na chumvi nikidhani ni uchafu, kumbe nywele zimejikunja na kuota ndani ya ngozi. Ukiona kinukta cheusi au unywele umelala chini ya kipele, ndiyo hiyo. Usitumbue kwa sindano, kovu lake halitoki upesi. Pumzisha wembe mwezi mzima. Ukirudi, lainisha kwa maji ya uvuguvugu na povu, nyoa kufuata unywele unakolalia, usivute ngozi, usirudie palepale. Nyembe za makali matano sizipendi, zinakata chini mno. Mashine inayobakiza kisiki kidogo ni salama zaidi. Wembe usiazimane hata na dada yako. Vikiwa na usaha na maumivu, vijidudu vimeshaingia: usinyoe, nenda zahanati.

Hatua ya 4: Muwasho unazidi usiku, na watoto nao wanajikuna? Huo huenda ni upele wenyewe, ule wa kuambukizana (skabi). Mtibiwe nyumba nzima siku moja, mashuka yafuliwe.

Hatua ya 5: Umebangua korosho? Mafuta ya ganda huunguza. Ngozi hufanya malengelenge, ikababuka, ikabaki nyeusi yenye mikwaruzo.

Mabonde mabonde ya mapajani ni mafuta ya mwili tu, hakuna skrabu inayoyaondoa. Ila baka lililopauka lisilohisi ukiligusa kwa pamba, wahi hospitali, huenda ni ukoma, na dawa zake ni bure. Mguu unaovimba na ngozi kuwa ngumu nao usiukalie. Matende huku pwani tunayajua.

Wifi alikuwa na mawili: mapajani hatua ya 2, kwenye miundi hatua ya 5. Chupa tatu amerudi nazo Newala. Ya nne ilikuwa mkorogo, nimeimwaga mwenyewe.