Kimondo au kipande cha chombo cha angani? Namna ya kutambua kitu kilichoanguka

Ukikuta kitu kilichoanguka kutoka angani, usikiguse kwanza. Kimondo hakina sumu, lakini tangi la roketi au setilaiti linaweza kuwa na masalia ya haidrazini, fueli inayodhuru kwa kugusa na hata kwa kuvuta mvuke wake. Hivyo simama mbali, upande upepo unakotokea, piga picha, kisha uwaarifu polisi.

Ukiwa hapo mbali, tafuta dalili za mkono wa binadamu. Tundu la bolti, mshono wa kuchomelea, namba zilizochongwa au nyuzi za kaboni zilizochanika humaliza mjadala papo hapo. Udogo wa kitu usikudanganye: kipande kilichotoboa paa la nyumba huko Naples, Florida, Machi 2024, kilikuwa na uzito wa kilo 0.7 tu, na NASA ilithibitisha kwamba kilitoka kwenye shehena ya betri kuukuu iliyotupwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2021.

Kimondo cha mawe kilichoanguka karibuni hufunikwa na ganda jeusi, jembamba kuliko milimita mbili, na palipobanduka huonekana jiwe la kijivu lenye chembe za metali zinazong'aa. Cha chuma ni kizito kupita umbo lake, na mara nyingi kina vibonyeo kama alama za vidole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Jiwe lililojaa vitobo vya mapovu kwa kawaida si kimondo wala si chombo, bali ni la volkano au ni taka za tanuri la chuma.

Vimondo vingi huvutwa na sumaku, ila usivisogezee sumaku kali, kwani hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale ambayo watafiti huihitaji. Metali ya nikeli nayo, ambayo wengi huiona kuwa ushahidi wa mwisho kwamba kitu ni kimondo, haitoshi peke yake: kipande cha Florida kilikuwa cha Inconel, aloi (mchanganyiko wa metali) ambayo sehemu yake kubwa ni nikeli. Maabara itazame pia kromiamu, ambayo ni nyingi katika aloi hiyo na kidogo sana katika chuma cha kimondo.

Waulize pia walioona moto angani. Kimondo huingia kwa kilomita 11 kwa sekunde au zaidi, na mwanga wake hudumu sekunde chache. Chombo kilichokuwa kikizunguka dunia huja kwa takriban kilomita 8, kikipita karibu sambamba na upeo wa macho huku kikimeguka, pengine kwa nusu dakika au zaidi.

Kikithibitika kuwa chombo, usikiuze: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 haumwondolei mwenyewe umiliki kwa sababu tu kimeanguka.