Kugawana Nyumba Moja Baina ya Wazee na Watoto, Lamu

Makazi ya pamoja, yaani familia kadhaa kuishi karibu kwa hiari huku zikichangia jiko na ua, yalipata umbo lake la kisasa huko Denmark, ambako mtaa wa Sættedammen ulikaliwa mwaka 1972. Mtu wa Lamu, aliyekulia nyumba mbili zilizounganishwa kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia, hatalishangaa wazo hilo. Kazi ni kulipanga.

Pangeni saa kabla ya vyumba. Mzee aliyeamka alfajiri huhitaji kujinyosha baada ya chakula cha mchana, na saa hiyo hiyo ndiyo mtoto hutafuta pa kuchezea mpira. Kubalianeni kwamba kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kitulie hadi alasiri, kisha kiwe cha watoto mpaka magharibi, wazee nao wakibarizi dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Kuwafukuzia watoto nje si suluhisho, kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba na punda mwenye shehena ya mchanga hapishi mtu.

Mzee alale ghorofa ya chini. Ngazi za nyumba za mawe ni za wima na vipandio vyake havilingani, kwa hiyo mpeni chumba cha wageni bila kuona haya. Mgeni hukaa siku mbili akaenda zake. Kingo za vipandio zipakeni chokaa nyeupe, na kamba ya kushikia ifungwe mara mbili: moja kwa kimo cha mtu mzima, nyingine kwa kimo cha mtoto.

Chooni ndiko kwenye hatari zaidi. Birika letu, yaani hodhi la maji la chooni, kama mengi ya hapa, lina samaki wadogo wanaokula mabuu ya mbu. Siku moja mtoto aliwawinda kwa kata ya kuchotea maji mpaka sakafu ikaloa, na bibi akateleza alipokwenda kutia udhu. Hakuvunjika, ila alichechemea wiki nzima. Tulifunika birika kwa ubao, kata ikatundikwa juu, na mtoto yule akapewa kazi ya kuwalisha samaki kila asubuhi, bibi akiwa ameketi kitini kando yake.

Lakini msimgeuze bibi yaya. Anayetaka kumwachia mtoto aende sokoni amwombe kwanza, naye akisema leo amechoka, mtoto na aende sokoni na mamake.