Namna ya Kusoma Kihispania na Utamaduni Wake Chuoni

Anza kwa kuchagua lahaja moja ya kuzungumza, kwa kuwa nchini Hispania marafiki zaidi ya mmoja huitwa «vosotros» (ninyi), ilhali katika Amerika ya Kilatini «ustedes» (ninyi) hutumika kwa wote, marafiki na wageni.

Kinachowasumbua wengi ni vitenzi, lakini hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao walimu hawautaji mara nyingi. Tofauti ya «ser» na «estar», vitenzi viwili vya «kuwa», inakaribia ile ya «ni mwalimu» na «yuko darasani», ingawa hailingani kikamilifu, kwani «estar» huelezea pia hali kama uchovu. Vilevile, «quiero que estudie» hufuata mantiki ileile ya «nataka asome», ambapo irabu ya mwisho hubadilika kwa sababu jambo linatakiwa, halijatendeka. Tunga sentensi kumi za aina hiyo kila siku, uzisome kwa sauti.

Kuhusu utamaduni, usiishie Madrid: Kihispania ni lugha rasmi katika nchi huru 20, ikiwemo Guinea ya Ikweta, ambayo mitaala mingi huisahau. Ukihitaji cheti, DELE, mtihani wa kimataifa wa Kihispania, hupima viwango kuanzia A1 (cha mwanzo) hadi C2 (cha juu kabisa).