Jinsi ya kuzuia simu za usumbufu bila kumfungia mteja mlango

Mama mmoja anayeuza viazi Uyole aliniletea simu yake mezani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, akiwa amechoka kabisa. "Fundi, hii simu itaniua. Kila saa namba ngeni. Zifungie zote, nibaki na watu wangu." Nikafanya alivyotaka. Kazi ya dakika mbili, akanipa buku mbili, akaondoka anacheka. Siku ya tatu akarudi amenuna. Mnunuzi wake wa Dar alikuwa amebadilisha laini, akapiga kutwa nzima bila kumpata, mwishowe akapakia viazi vya mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu, si lake. Tangu siku ile sigusi simu ya mfanyabiashara kabla sijamuuliza: ni nani huwa anakupigia ambaye humjui? Huku Nyanda za Juu Kusini swali hilo si la kupita. Mwenye mbao Mafinga, mwenye parachichi Njombe na mwenye mchele Kyela wote wanaishi kwa namba ngeni. Dalali akipiga leo, huenda hujawahi kumsikia. Kwa hiyo nitakupeleka ngazi kwa ngazi, na ukifika panapokutosha, simama hapo.

Simu nyingi zinazofika kwangu zimewekwa Kiingereza. Pale inapobidi nitataja neno kama linavyosomeka kwenye kioo.

Hatua ya 1: Mjue anayekusumbua

Wasumbufu hawafanani, na dawa zao hazifanani. Yuko tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", yuko mganga wa kurudisha mpenzi, yuko wa Freemason anayekuahidi utajiri. Wa hatari zaidi ni yule mwenye sauti ya ofisini anayesema laini yako itafungwa leo saa kumi usipobonyeza anachokutajia. Huyu mpime kwa namba aliyopigia. Huduma kwa wateja wa mitandao yetu ni namba 100. Ukiona namba ya kawaida ya tarakimu kumi halafu mtu anajiita "huduma kwa wateja", usibishane naye, kata.

Kabla hujamzuia, mripoti. Tuma namba yake kwa meseji kwenda 15040, ambayo ndiyo namba iliyotengwa kwa kuripoti utapeli wa simu, kisha fuata maelekezo yatakayorudi. Watu wengi huruka hapa kwa hasira, wanazuia na kusahau. Ukizuia unajikinga wewe tu, laini ya tapeli inabaki hai na kesho anampigia shangazi yako. Taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro mbele kwa majaribio ya utapeli, na Rukwa ni jirani zetu hapo tu, kwa hiyo tusijifanye mambo haya ni ya Dar.

Hatua ya 2: Zuia namba moja moja

Kwenye Tecno, Infinix, itel na nyingine za Android, fungua orodha ya simu zilizopigwa, bonyeza namba husika na uishikilie mpaka menyu itokee, kisha chagua Block. Ukiona kiboksi cha kuripoti kuwa ni taka, kitie tiki. Kwenye Samsung gusa namba, gusa alama ya "i", neno Block liko chini. iPhone ni hivyohivyo: alama ya "i" pembeni ya namba, teremka hadi mwisho.

Uliyemzuia hapati taarifa yoyote. Simu yake inakatika au inapelekwa kwenye ujumbe wa sauti. Wenye laini mbili huniuliza kama inabidi wazuie mara mbili. Hapana, kinachozuia ni simu yenyewe, laini haihusiki. Ndiyo maana ukichomoa laini ukaiweka kwenye simu nyingine, unawakuta wasumbufu wako wote wanakusubiri.

Njia hii inamtosha mtu anayesumbuliwa na watu wachache wanaojulikana: mpenzi wa zamani, mdai, kampuni ya matangazo yenye namba ileile. Kwa tapeli mwenye laini ishirini ni kung'oa magugu wakati mvua bado inanyesha.

Hatua ya 3: Neno "unknown" lina maana mbili

Hapa ndipo nilipomponza mama wa viazi, na nimeona hata mafundi wenzangu wakiteleza.

Kwenye programu ya simu ya Google, ambayo ndiyo inayokuja na simu nyingi za Android, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye mipangilio, halafu namba zilizozuiwa. Utaona swichi yenye neno Unknown. Hiyo inazuia wale tu walioficha namba, wanaotokea kwenye kioo bila tarakimu yoyote. Mteja wa Dar ambaye hujamsevu lakini namba yake inaonekana, anapita. Iwashe bila wasiwasi, kwa sababu mteja wa kweli hana haja ya kuficha namba.

Kwenye iPhone kuna kitu kinaitwa Silence Unknown Callers, kipo tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Unakipata kwenye Settings kisha Phone, na kwenye matoleo ya karibuni unapitia kwanza Apps. Kuanzia iOS 26 sehemu hiyo inaitwa Screen Unknown Callers, nawe unachagua Silence. Neno ni lilelile, ila maana yake ni nyingine kabisa: hapa "asiyejulikana" ni yeyote ambaye hayumo kwenye majina yako. Wanaoweza kupita ni wachache, kama vile namba uliyoipigia wewe mwenyewe hivi karibuni. Simu za wengine haziiti, ingawa zinabaki kwenye orodha ya zilizokupita. Mfanyakazi wa ofisini anaweza kuiwasha akalala usingizi mzuri. Muuza viazi akiiwasha akaacha kukagua orodha, anapoteza mzigo.

Simu yako ikiwa na swichi ya namna hii na hujui ni ya aina gani, usikisie. Iwashe, kisha azima simu ya jirani ambaye hujamsevu, jipigie. Jibu utalipata palepale.

Hatua ya 4: Nyamazisha wageni badala ya kuwafungia

Hii ndiyo ninayowawekea wafanyabiashara siku hizi, na mama wa viazi ndiyo aliyo nayo sasa. Nia yake ni kwamba wageni wasikupigie kelele, lakini namba zao zibaki pale uzione kwa wakati wako.

Kwenye Android nenda Settings, tafuta sehemu ya sauti, ufungue Do Not Disturb. Simu ikiwa kwa Kiswahili utaona Usinisumbue. Kwenye sehemu ya watu, upande wa simu, chagua Contacts, maana yake walio kwenye majina yako tu ndio watakaosikika. Chini yake kuna kipengele cha wanaorudia kupiga. Kiwashe. Mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita hata kama hujamsevu. Tapeli anayepiga namba mia kwa siku mara nyingi hana muda wa kukurudia. Dereva wa fuso aliyekwama Kitonga na mzigo wako atarudia, tena zaidi ya mara mbili.

Kisha weka ratiba. Mama wa viazi tumemwekea saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mchana simu yake iko wazi. Mwalimu mmoja wa Iringa yeye amegeuza, imefungwa saa za vipindi na iko wazi jioni. Alamu ya kuamka inaendelea kulia kama kawaida, watu huniuliza hilo kila mara.

Jioni pitia orodha ya simu zilizokupita. Ile unayohisi ni ya mteja, mtumie meseji fupi kwanza: "Habari, nimeona simu yako, naongea na nani?" Mwenye shida ya viazi atajibu viazi.

Bipu za nje ya nchi

Simu inaita mara moja, inakatika, namba ya ajabu. Mchezo huu unaitwa wangiri, neno la Kijapani la simu inayoita mara moja na kukatwa. Wanataka upige wewe, uingie kwenye namba ya nje yenye gharama kubwa, na sehemu ya salio lako iende kwao.

Ushauri wa kawaida ni kutopokea chochote kisichoanza na +255. Kwa Mbeya ushauri huo haufai. Mwenye duka Tunduma anapigiwa kutoka Zambia, +260. Wa Kasumulu anapigiwa kutoka Malawi, +265. Wa mizigo ya Lubumbashi, Kongo, anaona +243. Hizo ni simu za kazi. Ninachowaambia wateja wangu ni kusoma tarakimu tatu za mwanzo polepole, kwa sababu +269 ya Komoro ukiitupia jicho kwenye jua la saa saba unaiona +265. Bipu kutoka +216, ambayo ni Tunisia, au +222, Mauritania, wakati huna ndugu wala biashara huko, usiirudishie. Izuie uendelee na kazi.

WhatsApp, matangazo na mikopo

WhatsApp ina swichi yake: Settings, Privacy, Calls, halafu Silence unknown callers. Inafanya kazi vizuri, ila maana yake ni kama ile ya iPhone: usiyemsevu haiti, anabaki kwenye orodha. Mfanyabiashara ukiiwasha, kagua orodha.

Meseji za matangazo, soma mstari wa mwisho. Mara nyingi wameandika neno la kutuma ili ujitoe. Wasipoandika, izuie kama namba nyingine.

Wa mikopo ya mtandaoni ni kesi peke yake. Programu hizo ukiziruhusu zinasoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa wanampigia mpaka mchungaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Kuzuia namba zao moja moja hakumalizi. Nenda Settings, Apps, fungua programu hiyo, kisha Permissions, na uondoe ruhusa ya Contacts kabla ya kuifuta. Majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, lakini mapya hawayapati. Na kama wewe ni yule mchungaji, deni si lako, zuia bila huruma.

Truecaller inasaidia kumjua anayepiga, siikatai. Ila huwa simwekei mtu asipoomba. Inataka bando, inataka majina yako, na jina unaloliona limetokana na wengine walivyomsevu au walivyomripoti. Nimeona fundi seremala mwaminifu anatokea kama "Tapeli wa kabati".

Kagua milango ya nyuma

Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Kuna matapeli wanaomshawishi mtu abonyeze tarakimu zinazoanza na *21* au **21*, na kuanzia hapo simu zake zinapokelewa na wao. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kuondoa uelekezaji wote. Kisha piga *106# ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta laini isiyo yako, nenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho mkononi.

Kwa wazee wenye kiswaswadu

Vitochi vingi vina orodha ya kuzuia kwenye mipangilio ya simu, itafute. Kisipokuwa nayo, njia ya zamani bado inafanya kazi: sevu namba ya msumbufu kwa jina USIPOKEE, na kama kitochi kinaruhusu, mpe mlio wa kimya. Baba yangu kule Tukuyu amefika USIPOKEE 14. Mwezi uliopita nilikuwa nazikagua nikapiga ile ya 9 kuhakikisha. Akapokea shemeji, analalamika kwamba mzee hapokei simu zake tangu Pasaka.