Kuiandaa Baiskeli kwa Safari za Kila Siku Milimani

Mtu anayeishi Ipogoro na kufanya kazi Iringa mjini huanza siku kwa kuupanda mlima kutoka bonde la Mto Ruaha Mdogo, na jioni huuteremka mlima uleule akiwa amechoka. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018, ukiutambua usafiri huu kuwa nafuu na usiochafua mazingira. Lakini Uholanzi, ambako baiskeli ni nyingi kuliko watu, ni nchi tambarare, na baiskeli ya Iringa au Mbeya inahitaji maandalizi yake.

Kwanza ni gia. Baiskeli nzito isiyo na gia hubeba gunia bila shida, ila mlimani utaisukuma kwa mkono. Unapochagua ya mtumba, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali na upitishe gia zote. Mnyororo ukirukaruka, huenda meno yamelika. Ukiwa njiani, badilisha gia kabla mlima haujaanza, kwa sababu ukisubiri mpaka pedali ziwe nzito, mnyororo hubadilika kwa shida na unaweza hata kukatika.

Breki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwani wengi huzikumbuka wakiwa tayari mteremkoni. Tazama raba zake kwa karibu: zina mifereji midogo, na mifereji hiyo ikifutika, raba zibadilishwe siku hiyohiyo. Zinapaswa kubana rimu, wala zisiguse tairi, maana zitalikwangua mpaka lipasuke. Kamata mkono wa breki; mkono huo ukigusa usukani, waya umelegea na unahitaji kukazwa. Binafsi naona ni heri baiskeli iliyopauka rangi yenye breki imara kuliko inayong'aa ambayo haisimami.

Katika mteremko mrefu usibane breki mfululizo, kwa kuwa rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Punguza mwendo mapema, bana zote mbili, achia kidogo, kisha bana tena. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua inaponyesha, rimu iliyolowa huchelewa kushika, hivyo gusa breki kidogo mara kwa mara ili raba zifute maji kabla hujafika kwenye kona.

Kwenye barabara kuu iendayo Zambia, hasa eneo la Uyole jijini Mbeya, malori ni mengi, kwa hiyo taa nyekundu nyuma na nguo inayoonekana kwa mbali ni za lazima wakati wa ukungu. Ikiwapo njia ya mtaani, ifuate hata kama ni ndefu zaidi.

Ukirudi nyumbani umelowa, futa mnyororo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuuwekea oili, kwani oili juu ya tope husaga meno ya gia.